Neno la Kuachia

Kinyozi alimtuma dada yake ghorofani akalalamike. Dada mtu akapanda ngazi, na hakushuka mpaka duka lilipofungwa.

Shida ilikuwa chokaa. Kila jioni dari la kinyozi lilitikisika kwa vishindo, na chembe nyeupe zikawadondokea wateja vichwani. Mteja mmoja mwenye upara alisema yeye amekuja kunyolewa ndevu, hakuomba kupakwa rangi. Kinyozi akamgeukia dada yake, aliyekuwa na desturi ya kupita pale akitoka kazini.

"Wewe ndiye mkubwa," akamwambia. "Wewe watakusikiliza."

Dada akapanda akiwa amekunja uso, kama mtu anayekwenda kusuluhisha ugomvi wa majirani. Huko juu alikuta ukumbi mpana uliotandikwa mikeka minene ya buluu, na wanawake wawili wawili wakishikana chini kama wanamieleka. Karibu na mlango, msichana mwembamba alikuwa amelala chali, na juu yake amepiga magoti mwanamke mmoja mnene, mwenye mabega kama mlango wa ghala. Cha ajabu, aliyekuwa akihema ni yule wa juu.

"Hapa aliyekwama ni nani?" dada akamuuliza mwanamke aliyesimama kando na filimbi shingoni.

"Wa juu," mwanamke akajibu. "Wa chini yuko kwake."

Dada akasahau chokaa. Alikaa kwenye benchi, akatazama, na moyoni akasema: Mola wangu, kumbe mtu anaweza kuwa chini na asiwe ameshindwa.

Jioni iliyofuata alirudi na suruali pana na fulana ya mikono mirefu, kitambaa amekifunga kichwani barabara. Kaka yake alimwona akipita mlangoni, akapaza sauti mbele ya wateja wote na mbele ya wanawake waliokuwa kwenye ngazi: "Nusu, na huko juu nako utaacha lini?"

Ndivyo jina lilivyomfuata ghorofani. Nusu alipewa jina hilo na huyo huyo kaka yake utotoni, alipomfumia sweta lenye mkono mmoja na kuahidi kwamba wa pili unakuja. Haukuja. Shule aliiacha katikati, kwaya aliiacha katikati, na masomo ya udereva aliyaacha siku ya kufundishwa kurudi nyuma. Marehemu mumewe alimwita Nusu kwa mapenzi, akisema nusu hiyo inamtosha kuliko nzima za wengine. Hata hivyo jina lilimuuma. Alikuwa mtu wa sala, na katika sala zake hakuna ombi alilolirudia kama hili: nijalie nimalize kitu kimoja.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na ushee, mjane, mtoto wake wa pekee ameshaolewa mbali. Kazi yake ilikuwa udobi katika hospitali kubwa, kukunja na kupiga pasi mashuka kutwa akiwa wima. Magoti yalimlia wakati wa kupanda na kiuno kilimlia wakati wa kushuka.

Mwanamke wa filimbi waliyemwita Kocha alimweleza kazi ya mchezo kwa maneno machache. Ukiwa chini, miguu yako ndiyo ua wa nyumba yako. Mpinzani akiwa katikati ya miguu yako, hajaingia ndani, yuko uani. Kumzuia hapo uani ndiko wanakokuita gadi. Na katika gadi zote, Kocha alipenda zaidi ile waliyoiita gadi ya mpira: unamvuta mwenzako kichwa kifike kifuani pako, unapandisha mguu mmoja juu ya bega lake, kisha unaukamata mguu wako mwenyewe kwa mkono wa upande wa pili na kuuvuta chini, hadi anabaki ameinama kama aliyeangusha sindano.

"Anayefunguka ni nyonga," Kocha alisema, akimgonga Nusu kiunoni kwa kidole. "Goti halizunguki. Ukilisikia goti linalalamika, rudi. Usilipe goti kazi ya nyonga."

"Nyonga yangu ilifungwa zamani, mwalimu, na ufunguo sijui uko wapi."

"Tutautafuta."

Chini dukani, kinyozi alikuwa na methali yake tayari. "Dada, samaki mkunje angali mbichi."

"Na mkavu hulowekwa," Nusu akamjibu, na kweli kila akifika nyumbani alijikanda kwa maji ya moto, akaketi sakafuni nyayo zimekutana, magoti yakishuka taratibu kama jua lisilo na haraka ya kuzama. Akiwa hapo ndipo alipokuwa akisali, na aligundua kwamba sala ndefu inakunjua nyonga kuliko saa ya ukutani.

Mwili ulikubali. Kilichokataa ni ulimi.

Ukumbi ule ulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Mtu akibanwa, hugonga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja. Mikono ikiwa imenaswa, husema neno moja tu: basi. Ukilisikia, unaachia papo hapo. Huulizi, humalizii, hujifanyi hukusikia. Kwa sheria hiyo wanawake wale waliweza kukabana shingo jioni na kwenda makazini asubuhi wakiwa wazima.

Na Nusu hakuweza kufungua kinywa bila neno hilo. Alifungua nalo hadithi, alifungua nalo lawama, alifungua nalo sala. Siku ya kwanza alipowekwa chini ya yule mwanamke mwenye mabega, ambaye alikuwa mwashi na wote walimwita Tofali, alinong'ona, "Basi, Mola wangu, nitie nguvu," na Tofali akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nimekuumiza, shangazi?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa nasali."

Wakaanza tena. Nusu akajaribu kupandisha mguu, ukakwamia njiani. "Basi huu mguu naupeleka wapi?" akajisemea. Tofali akaachia. Mara ya tatu alikuwa amefika pazuri, kifundo kiko mkononi, shingo ya Tofali imeinama, na furaha ikamponyoka: "Basi ndiyo hivyo!" Tofali akaachia, akaketi, akajifuta jasho.

"Shangazi, mimi nikijenga na wewe, ukuta hautafika dirishani."

Wanawake walicheka, na Nusu alicheka nao. Lakini wiki zilipita na kicheko kikapungua utamu. Wengine waliokuwa wakipangwa naye walianza kuzoea. Akisema neno, wanangoja kwanza wasikie linakwenda wapi. Kocha aliliona hilo na siku moja akamwita kando, karibu na dirisha.

"Mama, nakuheshimu, kwa hiyo nitasema wazi. Neno lile ndilo breki yetu. Wewe umelichezea mpaka watu hawaliamini. Siku moja utalisema kweli na mtu atangoja, mkono wako utavunjika."

"Nafanya bidii, mwalimu. Linatoka lenyewe."

"Najua. Chumba cha pili kuna kundi la mazoezi ya viungo. Wanajinyoosha kwenye viti, mbele ya vioo, hakuna anayemkaba mtu. Kule utasali kwa sauti upendavyo."

Nusu aliwajua watu wa viti. Walikuwa watu wema. Lakini alielewa pia kwamba kwenda kule ni kuacha katikati kwa mara nyingine, na safari hii si kwa kuchoka, bali kwa kushindwa kufunga mdomo.

"Nijaribu kwanza," akasema. "Nipange na Tofali raundi nzima. Nikilisema bila kumaanisha, nitachukua kiti changu mwenyewe."

Kocha alifikiri. "Mwisho wa mwezi," akasema.

Tangu hapo Nusu alijinyima neno lile kama mtu aliyefunga anavyojinyima chakula. Kazini mwenzake wa kukunja mashuka alishangaa kumsikia akianza sentensi, akinyamaza, kisha akiendelea kama gari lililoruka shimo. "Ba... haya, shika kona," alikuwa akisema. "Haya" ndilo neno aliloliteua lishike nafasi. Hata katika sala aliligeuza: Haya, Mola wangu. Lilisikika kama anamharakisha Mungu, na aliomba radhi kila alipolisema.

Siku moja waliletewa godoro jipya la wodini na shuka lenye mpira pembeni, wapime kama vinaoana. Kona tatu ziliingia bila taabu. Ya nne ilikataa. Mwenzake alivuta, akavuta, uso ukamwiva, na kila alipovuta, kona nyingine ikachomoka.

"Usilivute shuka," Nusu akasema. "Likunje godoro."

Akaliinamisha godoro kidogo kwenye ncha kwa kiwiko, likanywea, na mpira ukapita juu ya kona wenyewe. Kisha akaliachia, godoro likajinyoosha na shuka likakaza kama ngozi ya ngoma.

Alisimama akiliangalia kwa muda. Miaka mingi alikuwa amefanya jambo hilo mikono ikijua na kichwa kikiwaza mengine.

"Una nini?" mwenzake akamuuliza.

"Namtazama Tofali," Nusu akasema, na hakuweza kumweleza zaidi.

Mwisho wa mwezi ulifika na mvua. Kinyozi hakuwa na wateja, kwa hiyo alipanda na yeye, akasimama mlangoni akiwa na kitana nyuma ya sikio. Alisema amekuja kukagua chokaa. Nusu aliketi pembeni ya mkeka, nyayo zimekutana, akasali kimya. Hakuomba kushinda. Aliomba ulimi.

Filimbi ikalia. Nusu akalala chali, Tofali akapiga magoti uani kwake.

Mwanzoni Tofali alikwenda polepole, kama mwashi anayepima kwa kamba kabla ya kulaza tofali la kwanza. Alisukuma goti moja, Nusu akalirudisha. Alijaribu kuzunguka kushoto, Nusu akageuza nyonga ikamfuata. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mzigo huu haukuwa wa mwenzake, ulikuwa kifuani pake, na usufi haukuwamo. Pumzi ikawa fupi. Neno likaja mpaka kwenye meno.

"Haya, Mola wangu," Nusu akanong'ona.

Tofali akainua nyusi. "Haya? Unanihimiza, shangazi?"

"Sikusema na wewe."

"Mimi ndiye niliye karibu," Tofali akasema, akaweka uzito wote.

Wanawake kando wakaguna. Kinyozi akatoa kitana sikioni, akakishika mkononi. Nusu alijaribu kuupandisha mguu wa kushoto kwa nguvu, ukagota kwenye mbavu za Tofali. Akauvuta tena, ukagota tena, na mguu wa kulia nao ukaanza kuteleza. Shuka lile lile, akawaza. Navuta shuka.

Akaacha kuvuta. Akapeleka mikono nyuma ya kichwa cha Tofali, na Tofali aliposukuma mbele kumponda, Nusu hakumzuia, alimkaribisha. Mgongo mkubwa ule ukainama wenyewe, na pale pale nyonga iliyolowekwa kwa wiki nyingi za maji ya moto ikafunguka, mguu ukapita juu ya bega la kulia la Tofali bila kugusa kitu. Nusu akaukamata mguu wake kwa mkono wa kulia, akauvuta chini. Kona ya nne. Godoro lilipotaka kujinyoosha, mpira ukakaza.

Tofali akatikisika upande huu, akatikisika upande ule. Mkono wake ulikuwa umenaswa chini ya paja la Nusu, na kadiri Nusu alivyogeuza kiuno, ndivyo bega lilivyozunguka kwenda mahali ambapo mabega hayaendi. Mkono wa pili ulikuwa umelaliwa na tumbo lake mwenyewe.

"Basi," Tofali akasema.

Nusu akatega sikio, akingoja sentensi iendelee.

"Basi nini, mwanangu?" akauliza kwa upole, kiuno kikizidi kugeuka.

"Basi! Basi, shangazi!"

Filimbi ikalia kwa ukali. Nusu akaachia mguu kana kwamba ameshika pasi upande wa moto. Akaketi, mikono midomoni. Tofali alijiviringisha chali, akalishika bega, akalizungusha mbele na nyuma. Lilikuwa zima.

"Nilidhani unaanza hadithi," Nusu akasema kwa sauti ndogo.

Tofali alimtazama, kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka pale pale chali alipolala. Wengine wakamfuata. Kinyozi alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Mama," Kocha akasema, "neno hukulisema. Hilo nimeliona. Lakini uliambiwa neno hilo, na hukuachia. Hili la pili ni baya kuliko lile la kwanza."

"Najua, mwalimu."

"Bega likitoka, mwashi hana kazi."

"Najua."

Nusu akainuka. Miguu yake ilijua la kufanya, ilikuwa imelifanya mara nyingi: ikampeleka kando ya ukuta ulipokuwa mkoba wake. Akauchukua, akatia mkono ndani kutafuta viatu. Kaka yake alimwona, na kicheko kikamkauka usoni, kwa maana aliufahamu mwendo huo tangu utotoni. Akajibanza pembeni ampishe njia.

Nusu alisimama na kiatu kimoja mkononi. Kiatu kimoja, kama mkono mmoja wa sweta. Akakirudisha mkobani, akauweka mkoba chini, akarudi katikati ya mkeka na kuketi mbele ya Kocha.

"Nipe adhabu yoyote," akasema. "Nifagie ukumbi, nifue hii mikeka, nikae mwezi mzima naachia watu bila kumshinda hata mmoja. Lakini kwenye viti siendi. Nimekosea hapa, acha nijifunze hapa."

Kocha akawageukia wote. "Nani humu amewahi kulisema neno lile bila kumaanisha?"

Msichana mwembamba akainua mkono. Halafu mwingine. Tofali, angali chali, akainua mkono ule ambao haukupindwa. Mwisho mikono ilikuwa mingi kuliko watu, kwa sababu wengine waliinua yote miwili.

"Mnaona," Kocha akasema, na uso ukamlegea kidogo. "Basi, kuanzia leo..."

Tofali aliinua mikono yote juu na kujisogeza mbali naye kwa kasi. "Mwachieni Kocha jamani, amesalimu amri."

Hapo hata Kocha alishindwa. Aliinama, mikono magotini, akacheka mpaka filimbi ikagonga meno yake. Alipojinyoosha alikuwa na machozi.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimetundika breki mahali ambapo kila mtu anaweka mguu. Nipeni neno jingine. Neno ambalo hamlitumii mkisali, mkigombana wala mkihadithia."

Mmoja akasema "yaishe." Wakamkumbusha kwamba hivyo ndivyo anavyosema na mumewe kila siku. Mwingine akasema "nimekubali." Refu mno kwa mtu aliyekabwa shingo.

"Zege," Tofali akasema.

"Zege?"

"Hakuna anayemwomba Mungu kwa zege. Mimi mwenyewe naliona kutwa, na bado silitaji ovyo, naliogopa."

Likapita. Kocha akamgeukia Nusu. "Adhabu yako nimeichukua, ila kwa kipimo changu. Wiki nzima utakamata gadi ya mpira, mwenzako atasema zege, nawe utaachia. Hakuna kingine. Mpaka sikio lako liwe jepesi kama nyonga yako."

"Asante, mwalimu."

"Na ile nyonga," Kocha akaongeza, akiokota chupa yake ya maji, "nani alikufundisha kumkaribisha namna ile?"

"Godoro," Nusu akasema.

Kocha akasubiri maelezo, hakuyapata, akaenda zake akitikisa kichwa.

Chini dukani kinyozi alikuwa ametangulia kushuka na kufagia. Chokaa mpya ilikuwa imemwagika kwenye kiti cha wateja, duara zuri, mahali pale pale Tofali alipojiviringishia juu. Aliifuta kwa taulo bila kunung'unika.

"Nilidhani umeacha," akasema bila kumtazama dada yake.

"Nimeachia. Sijaacha."

"Kuna tofauti?"

"Panda juu ukaulize. Vaa nguo pana."

Kinyozi akakunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Lile sweta," akasema, "ninalo bado. Limelala sandukuni."

"Halikutoshi."

"Mjukuu wangu litamtosha. Ila huo mkono mmoja."

"Nipe," Nusu akasema, akafungua mkoba, na kaka yake akamwahidi kwamba kesho atalileta.

Mvua ilikuwa imekatika. Alitembea mpaka nyumbani akiruka madimbwi kwa miguu iliyomuuma vizuri, maumivu ya mtu aliyetumia kitu chake. Akachemsha maji, akajikanda, akaketi sakafuni kando ya kitanda, nyayo zimekutana, magoti yakashuka hadi yakakaribia kugusa zulia.

Mwezi mzima alikuwa amemharakisha Mungu kwa neno la kuazima. Sasa neno lake la zamani halikuwa tena breki ya mtu. Akafumba macho na kuanza kama alivyoanza tangu akiwa msichana.

"Basi, Mola wangu," akasema, na aliyemshika hakumwachia.